Jongoo huyu ana jina? Majibu kwa wasomaji wa kanda ya kati

Mvua zimeanza kanda ya kati na majongoo wametoka ardhini. Picha zao zimejaa kwenye simu ya safu hii, na karibu kila ujumbe unauliza jambo lile lile kwa namna yake: huyu ana jina, au ni mpya? Toleo hili tumewaachia wao. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Ndugu wahariri, baada ya mvua ya kwanza nimeona shambani jongoo ambaye sijawahi kumwona. Ni mweusi tii, miguu ina rangi ya chungwa, urefu wake kama sentimita 18. Nimewatumia picha tatu. Je, ni spishi mpya? Na kama ni mpya, nimpelekee nani? (Mkulima, Kongwa)

JIBU: Picha zako ni safi, ndugu yetu, lakini kwa picha peke yake hatuwezi kukujibu, na mtaalamu yeyote makini atakuambia hivyo hivyo. Rangi ya jongoo hudanganya. Hubadilika kwa umri, hubadilika akikaribia kujivua gamba, na akikaa kwenye spiriti hufifia. Spishi mbili zisizo na undugu wa karibu zinaweza kuwa na weusi ule ule na miguu ile ile ya rangi ya chungwa.

Idadi ya miguu nayo haitoshi. Majongoo wengi hutoka kwenye yai wakiwa na jozi tatu tu za miguu, kisha huongeza pingili na miguu kila wanapojivua gamba. Kwa wale wa mviringo, hata wakubwa wa spishi moja hupishana. Mfano wa wazi ni *Eumillipes persephone* wa Australia, aliyepewa jina mwaka 2021: jike mmoja alikutwa na miguu 1,306, mwingine 998, na wote ni spishi moja.

Kinachoamua ni gonopodi za dume. Hizi ni jozi za miguu zilizobadilika umbo ili kubeba mbegu na kuziingiza kwa jike, na kila spishi ina umbo lake. Kwa hiyo swali la kwanza si kama jongoo wako ni mpya, ni kama ni dume aliyekomaa. Hilo unaweza kulikagua mwenyewe. Mshike kwa glavu, mgeuze tumbo juu, uhesabu pingili kuanzia nyuma ya kichwa. Ya kwanza ni pana, imekaa kama kola ya shati, na haina miguu. Hiyo ndiyo namba moja. Chache zinazofuata zina jozi mojamoja ya miguu, halafu zinaanza zile zenye jozi mbilimbili. Fika pingili ya 7. Kwa majongoo wakubwa wa mviringo, ukikuta hapo pana pengo, miguu ya kutembelea haipo na badala yake kuna kishimo au ncha ndogo zimechomoza, huyo ni dume. Miguu ikiendelea bila kukatika, ni jike au bado mdogo. Majongoo wenye mgongo bapa wana tofauti kidogo: jozi ya kwanza tu ya pingili ya 7 ndiyo imebadilika, na mara nyingi utaiona nje kama vikulabu viwili. Wengi hukosea kwa kuiruka pingili ile ya kola, wakaishia kutazama ya 8, wakasema dume ni jike.

Huyo wako kwa ukubwa na rangi anafanana na majongoo kadhaa wanaojulikana tangu zamani. Jitu lao katika Afrika Mashariki, *Archispirostreptus gigas*, anayeweza kuzidi sentimita 30, alipewa jina na Peters mwaka 1855. Wakubwa huonwa mapema. Spishi ambazo hazijapewa jina ni rahisi zaidi kuzikuta kati ya wadogo, wa sentimita 2 hadi 5, wanaoishi chini ya majani makavu na magogo na hakuna anayewapiga picha. Ukimpata dume, wasiliana na idara ya baiolojia ya Chuo Kikuu cha Dodoma, au idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Eleza mahali halisi ulipomwona, hilo kwao lina thamani kuliko picha kumi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari, Mpwapwa. Nina wanafunzi wenye hamu kubwa na mlima uko jirani. Tukusanyeje majongoo ili sampuli zetu zifae kwa kazi ya kisayansi? Tumejaribu spiriti ya duka la dawa, wamekuwa wagumu kama kuni na wamekunjamana. (Mwalimu, Mpwapwa)

JIBU: Mwalimu, kabla ya chupa kuna karatasi. Kutazama, kuhesabu na kupiga picha katika ardhi ya kijiji, kwa kuongea na serikali ya kijiji, hakuna shida. Kukusanya kwa ajili ya utafiti ni jambo jingine: kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), TAWIRI huhusika na utafiti wa wanyamapori, msitu wa hifadhi una TFS, pori la akiba lina TAWA, na hifadhi ya taifa ina TANAPA. Njia nyepesi kwa shule ni kujiunga na mtafiti wa chuo ambaye tayari ana vibali, ninyi mkawa mikono na macho yake. Sampuli isiyo na kibali majarida mazuri huikataa, hata ikiwa ni ya ajabu namna gani.

Sasa kazi yenyewe. Msimu ni mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Agosti mtachimba bure, maana wakati huo wamejificha ardhini wakisubiri unyevu. Wakati mzuri ni usiku wa baada ya mvua kubwa, kwa tochi, kuanzia saa mbili. Mchana pindueni magogo na mawe, chambueni majani yaliyooza kwenye mashina ya miti mikubwa, kisha rudisheni kila gogo lilivyokuwa. Kwa wale wadogo tumieni chekeche lenye matundu ya nusu sentimita: chekecheni majani juu ya shuka jeupe, subirini dakika tano, vinavyotembea ndivyo mnavyovitafuta.

Msiwarundike kwenye ndoo yenye mfuniko. Majongoo hutoa majimaji ya kujilinda kutoka matundu ya ubavuni. Wale wa mviringo wengi hutoa benzokwinoni, wenye mgongo bapa hutoa sianidi. Thelathini kwenye ndoo iliyofungwa watauana kwa hewa yao wenyewe kabla hamjafika nyumbani. Kila mmoja akae kwenye kopo lake lenye matundu na majani mabichi kidogo.

Mpigeni picha akiwa hai, kutoka juu, ubavuni na tumboni, rula ikiwa pembeni. Kisha mtieni kwenye friza usiku mzima. Hiki ndicho kilichokosekana kwenu. Jongoo anayetumbukizwa hai kwenye spiriti hujikunja, humwaga majimaji yote, spiriti inakuwa kahawia, naye anakauka katika umbo hilo hilo. Aliyekufa kwa baridi, akiyeyuka huwa laini. Mnyoosheni hapo hapo, ndipo aingie kwenye ethanoli.

Ethanoli ya maabara ya asilimia 96 ndiyo ya kununua. Kwa kuhifadhi mwili mnaipunguza hadi asilimia 75: mililita 780 za ethanoli, ongezeni maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka ifike lita 1. Ikiwa kali zaidi ya hapo viungo hukakamaa na kukatika mkigusa. Ikiwa dhaifu, mwili huoza ndani kwa ndani. Pombe kali za dukani, zenye asilimia 35 hadi 43, hazifai hata kwa dharura. Spiriti ya duka la dawa huwa na vitu vingine vilivyochanganywa, na vinaweza kuharibu vinasaba. Formalini msiiguse kabisa, inakakamaza mwili na kuharibu DNA.

Mwili usizidi robo ya ujazo wa chupa. Baada ya saa 24 mwageni ethanoli yote, wekeni mpya, na rudieni baada ya wiki ikiwa imebadilika rangi. Jongoo mnene kuliko kidole gamba lake halipitishi ethanoli haraka, kwa hiyo mpasueni kidogo kati ya pingili mbili katikati ya mwili, sehemu moja au mbili. Msiguse pingili kumi za mwanzo wala mkia, hizo ndizo zinazosomwa.

Kabla hajaingia kwenye ethanoli hiyo ya asilimia 75, kateni miguu miwili au mitatu ya ubavu mmoja, katikati ya mwili, muitie kwenye kichupa cha mililita 2 chenye ethanoli ya asilimia 96 na namba ile ile ya sampuli. Hiyo ndiyo ya DNA. Mguu ni bora kuliko kipande cha mwili kwa sababu hauna chakula cha tumboni wala majimaji ya kujilinda, ambayo huvuruga kazi ya maabara.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi nzito, na ikae ndani ya chupa pamoja na jongoo. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na lebo ya nje hubanduka. Andikeni nchi, mkoa, wilaya, kijiji au msitu, majiranukta ya GPS, mwinuko, tarehe na mwezi kwa maneno, mazingira (chini ya gogo, majani ya mbuyu, kichuguu), mbinu, na jina la aliyekusanya. Angalieni alama ya kutoa mbele ya latitudo. Mji wa Dodoma uko karibu na -6.17, 35.74. Mkisahau ile alama, kwenye ramani jongoo wenu atakuwa amehamia kusini-magharibi mwa Ethiopia, na makosa ya namna hii yamo hata kwenye hifadhidata kubwa.

Chukueni madume matano hadi kumi na majike wachache kutoka mahali pamoja, basi. Mlima una wengi, lakini spishi ya mlima mmoja haina pengine pa kwenda.

SWALI: Mjukuu wangu amechezea jongoo, mikono imekuwa ya kahawia kama hina na jicho moja limevimba. Jirani kasema nitie maji ya majani. (Mama, Chamwino)

JIBU: Usitie majani, mama, wala kitu kingine chochote zaidi ya maji safi. Lioshe jicho kwa maji yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa, kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke kituo cha afya leo leo hata kama anasema limepoa. Majimaji yale yanaweza kuunguza jicho lenyewe. Doa la mikononi ni la ngozi ya juu, litaisha lenyewe ngozi ikibadilika. Sabuni na maji yanatosha. Jongoo hang'ati wala hana sumu ya kudunga. Anayeng'ata ni tandu, mwenye jozi moja tu ya miguu kwa kila pingili na mwendo wa kasi.

SWALI: Shikamooni. Ninasoma shahada ya baiolojia hapa Dodoma. Nina madume sita ya jongoo wa mviringo, wa sentimita 4, kutoka msitu wa wilaya ya Mpwapwa. Msimamizi wangu anasema ni familia ya Odontopygidae na nitoe gonopodi. Ya kwanza nimeivuta ikakatika. Nifanyeje kwa zilizobaki? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Bado una watano, na hicho kipande kilichokatika usikitupe. Kitie kwenye kichupa chake na uandike namba ya sampuli.

Ilikatika kwa sababu uliishika ncha. Gonopodi ya Odontopygidae ina sehemu mbili za kukumbuka. Chini kuna koksa, pana na imara. Kutoka kwenye koksa inatokea telopoditi, nyembamba sana na imejisokota, nayo hugawanyika kuwa solenomeri, inayobeba mfereji wa mbegu, na telomeri. Ile telopoditi ndiyo yenye habari zote na ndiyo inayokatika kwa kuguswa tu. Kwa hiyo shika koksa, au usishike gonopodi kabisa.

Weka sahani ndogo chini ya hadubini ya kupasulia yenye ukuzaji wa mara 10 hadi 40. Ndani ya sahani tandaza mchanga mweupe uliooshwa, mimina ethanoli ya asilimia 75 mpaka imfunike jongoo, na umkandamize kidogo mchangani tumbo likiwa juu. Usifanye kazi hii hewani. Gamba likikauka, mvutano wa maji huzikunja sehemu nyembamba na hutazirudisha. Sasa hesabu tena pingili, ukianza na ile ya kola. Shika pingili ya 6 kwa vidole vya mkono mmoja na ya 7 kwa mwingine, inamisha polepole ukielekea mgongoni mpaka utando kati yao ufunguke upande wa tumbo. Ukate utando kwa sindano nyembamba ya wadudu iliyofungwa kwenye kijiti. Mara nyingi mwili utaachana pande mbili. Usiogope, ndivyo sampuli nyingi za makumbusho zilivyo, mradi vipande vikae chupa moja.

Kwa mbele ya pingili ya 7 sasa utaziona gonopodi mbili zikiwa zimekaa pamoja mfukoni. Pitisha sindano nyuma ya koksa, ukate misuli kulia na kushoto, kisha zisukume zitoke zikiwa zimeshikana, badala ya kuzivuta. Kibano kiwe cha ncha nyembamba kabisa, namba 5, na kifungwe nusu tu. Jongoo akiwa amekakamaa kama wale wa mwalimu wa Mpwapwa, mloweke kwanza usiku mmoja kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndipo umrudishe kwenye ethanoli.

Zikishatoka zisafishe kwa brashi ya unywele mmoja au miwili. Misuli ikizuia kuona, tia gonopodi moja kwenye asidi laktiki au hidroksidi ya potasiamu (KOH) ya asilimia 10, baridi, kwa saa chache ukikagua mara kwa mara. Ukiiacha mpaka kesho na kuisahau, ile michongo midogo itapoteza umbo. Gonopodi ya pili iache kama ilivyo, kwa ajili ya atakayekuja kukuhakiki miaka 50 ijayo.

Chora. Picha ni nzuri, na siku hizi unaweza kupiga picha 30 kwa vina tofauti ukaziunganisha kwa programu, lakini mchoro hukulazimisha kufuata kila ukingo mpaka ujue unaishia wapi. Chora kutoka mbele, nyuma, ubavu wa ndani na wa nje, na kila mchoro uwe na mstari wa kipimo, kwa mfano milimita 0.5. Gonopodi igeuzwe sawasawa kila mara, kwa sababu ikilala nyuzi 20 pembeni, mwiba mmoja hujificha nyuma ya mwingine nawe utadhani umepata spishi ya pili. Ukimaliza, gonopodi ziingie kwenye kichupa kidogo chenye ethanoli kilichozibwa kwa pamba, na kichupa hicho kiingie ndani ya chupa ya jongoo mwenyewe. Gonopodi iliyotengana na mwili wake haina kazi tena.

SWALI: Nitajuaje kwamba hakuna aliyewahi kumpa jina? Majina ni maelfu. (Mwanafunzi yule yule)

JIBU: Spishi za majongoo zenye majina ni kama 12,000 duniani, lakini huna haja ya kuzipitia zote. Ukishajua familia, tafuta jenasi, yaani kundi la spishi ndugu ndani ya familia hiyo. Hifadhidata ya MilliBase inakupa orodha ya spishi za jenasi hiyo, waandishi na miaka. Andika orodha ya zilizotajwa Tanzania na nchi jirani, kisha tafuta maelezo ya kwanza ya kila moja, yale yale ya aliyeipa jina, wala usitegemee muhtasari wa mtu mwingine. Kwa jongoo wetu mengi ni ya Kijerumani, yameandikwa na watu kama Carl Attems wa Vienna. Mchoro wa gonopodi husomeka hata kama lugha inakushinda. Majina ya mahali jihadhari nayo: Mpwapwa ya zamani huandikwa Mpapua, na eneo zima la Dodoma linaweza kuitwa Ugogo tu.

Kwa upande wa milima, kazi ya lazima ni mfululizo wa makala za Henrik Enghoff wa Copenhagen na wenzake kuhusu majongoo wa Udzungwa, ulioanza mwaka 2014 katika European Journal of Taxonomy, unasomwa bure. Mwaka 2024 zimetoka humo humo spishi tano na jenasi moja mpya, *Udzungwastreptus*, ya Udzungwa. Msitu wako ukiwa upande wa Rubeho, nao ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, hivyo linganisha na ndugu hao kwanza. Ukiwa na jongoo wa vichaka vikavu vya Itigi au Kondoa, anza na spishi za nyanda kavu.

Maelezo ya zamani mengine yana mistari sita na hayana mchoro. Hapo hakuna njia ya mkato, ni lazima itazamwe sampuli yenyewe ya asili, ambayo inaweza kuwa Vienna, Berlin, Hamburg au London. Waandikie watunzaji, wengi hukubali kutuma picha za gonopodi. Anayeruka hatua hii ndiye anayetoa jina la pili kwa mnyama mwenye jina, na jina la zamani ndilo litakaloshinda.

Halafu jiulize kama tofauti unayoiona ni ya spishi au ya mtu mmoja mmoja. Mwiba mrefu zaidi kwa dume mmoja si kitu. Mwiba uliopo kwa wote sita, na haupo kabisa kwa spishi jirani, ni kitu. DNA husaidia: kipande cha jini COI cha herufi 658 ndicho kinacholinganishwa zaidi. Lakini spishi nyingi za zamani za Tanzania hazina DNA ya kulinganishia, kwa hiyo matokeo ya "hakuna anayefanana" kwenye kompyuta hayathibitishi upya. Gonopodi bado ndiyo inayosema neno la mwisho.

SWALI: Majongoo wanakula karanga zangu zikiwa ardhini. Haya mambo ya majina yananisaidia nini? (Mkulima wa karanga, Bahi)

JIBU: Yanakusaidia kwa sababu si jongoo wote wanaokula karanga. Wengi hula majani yaliyooza na kuyarudisha kuwa udongo, na ukiwaua shamba ndilo linalopata hasara. Kaskazini-mashariki mwa Uganda watafiti walitambua spishi zinazoshambulia viazi vitamu na karanga, mmojawapo *Omopyge sudanica* wa familia hiyo hiyo ya Odontopygidae, ndipo ushauri wa kilimo ukaanza kuwa na maana: kuvuna mapema zinapokomaa, kutoacha viazi vya zamani ardhini, kutopanda zao lile lile mahali pale pale. Fukua mashina matano, ukikuta majongoo ndani ya maganda yaliyotobolewa, watie kwenye chupa kama tulivyomweleza mwalimu na uwapeleke kwa afisa ugani. Ukiwakuta juu ya ardhi tu, tafuta mchwa kwanza.

SWALI: Kama ni spishi mpya kweli, naweza kumpa jina la babu yangu? Au la kijiji? (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Unaweza yote mawili, ikiwa wewe ni mmoja wa waandishi wa makala au waandishi wamekubali. Jina la mwanamume huongezewa *-i* na la mwanamke *-ae*, kama ilivyo *Udzungwastreptus marianae*. La mahali linaweza kuachwa lilivyo, kama *Lophostreptus magombera*, lililotokana na msitu wa Magombera, au likapewa *-ensis*. Kijiji chako kikiwa na jina zuri, hilo tunalipendelea sisi: linamwambia kila msomaji wa baadaye aende wapi kumtafuta. Jenasi ikiwa na jina lisilo la kiume wala la kike, kama *Eviulisoma*, basi ni *-ense*. Jina lako mwenyewe kanuni hazikukatazi, lakini wanasayansi hawafanyi hivyo. Na usilitangaze kwenye WhatsApp wala gazetini kabla makala haijatoka. Jina lisilo na maelezo ya kisayansi ni jina tupu, halihesabiki, na linaweza kuleta mkanganyiko wa miaka.

SWALI: Makala ya kumtangaza ina nini ndani yake, na inakataliwa kwa sababu zipi? (Wasomaji watatu, Dodoma na Singida)

JIBU: Kanuni za Kimataifa za Utoaji Majina ya Wanyama, toleo la nne, zinatumika tangu mwaka 2000 na zinadai mambo machache yasiyo na msamaha. Jina liwekewe alama ya wazi kuwa ni spishi mpya, kwa kawaida *sp. nov.* Kuwe na maelezo yanayotaja sifa zinazomtofautisha. Achaguliwe mmoja, holotaipu, atakayebeba jina hilo milele, na itajwe taasisi anakohifadhiwa. Makala ikitoka kwa njia ya elektroniki tu, lazima iwe imeandikishwa ZooBank, rejesta ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla ya kutoka, na namba hiyo ionekane ndani ya makala.

Holotaipu awe dume mzima kuliko wote, kwa pingili na kwa gonopodi, hata kama si mkubwa kuliko wote. Wengine ni parataipu. Tunashauri holotaipu abaki Tanzania, na parataipu wagawanywe makumbusho mawili au matatu, moto ukitokea sehemu moja wasiteketee wote. Kupeleka nje kunahitaji kibali na makubaliano ya maandishi ya uhamishaji wa sampuli.

Sehemu inayoangusha wengi ni utambuzi, yaani ile aya fupi inayosema huyu anatofautiana vipi na ndugu zake. Waandishi wapya huandika humo kila kitu: rangi, urefu, idadi ya pingili, miguu. Mhakiki anataka sentensi mbili au tatu: "Anatofautiana na spishi fulani kwa telomeri kuwa na miiba miwili badala ya mmoja, na solenomeri kutopinda kwenye ncha." Maelezo marefu yaje baadaye, kwa mpangilio wa kichwa, vipapasio, pingili, miguu, mkia, gonopodi, kila kipimo kikitajwa kimetoka kwa wangapi.

Sababu nyingine za kukataliwa ni za uzembe tu. Mahali pa asili pameandikwa "Dodoma" bila kusema ni mji, wilaya au mkoa. Namba ya katalogi ya makumbusho haijatolewa. Mchoro hauna kipimo. Namba ya kibali haimo. Maelezo yametokana na jike peke yake au mdogo ambaye gonopodi zake hazijakamilika. Kuhusu gharama, European Journal of Taxonomy haimtozi mwandishi wala msomaji. Zootaxa nayo huchapisha bila malipo usipotaka makala iwe wazi kwa wote. Uhakiki huchukua miezi kadhaa. Msisubiri majibu ndipo mwandikishe sampuli. Namba ya makumbusho iombwe mapema, maana makala isiyo nayo haiendi popote.